Zamu Yangu ya Guangzhou

Sanduku la Salma lilipofunguliwa katikati ya sebule yetu pale Wattaya, Muscat, harufu ya kwanza kutoka ilikuwa ya uzile, bizari nyembamba ile ile tunayoitia kwenye pilau, isipokuwa huu ulikuwa umeungua juu ya makaa na kugandia kwenye nguo pamoja na moshi wa nyama ya kondoo. Nyuma yake ikaja harufu ya tangawizi, kisha ya sabuni ya hoteli, kisha ya viatu vipya vya plastiki. Wanawake waliokuja kumpa Salma pole ya safari waliliinamia lile sanduku wakasema mashaallah, mashaallah, mtoto ananuka China. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la halwa nililoagizwa nilete, na sikutaka kulileta. Nilikuwa na miaka kumi. Roho iliniuma, na nasema leo bila kuzungukazunguka kwamba ulikuwa wivu mtupu. Safari iliyokuwamo ndani ya sanduku lile ilikuwa yangu, na harufu ile ilitakiwa itoke kwenye nguo zangu mimi.

Nyumbani kwetu kulikuwa na utaratibu. Baba alikuwa na duka la vipuri vya magari Wadi Kabir, katikati ya magereji, na hatukumwona ila Ijumaa. Alitoka sisi tumelala na kurudi sisi tumelala, na hata hiyo Ijumaa yenyewe mara kaja huyu ana shida na gari, mara kaja yule anataka breki. Lakini kila kiangazi alikwenda Guangzhou, huko China, kununua mali, na mtoto wake akifika miaka kumi alimchukua. Mmoja tu, peke yake. Kaka yangu mkubwa alikwenda, na wa pili akamfuata, na wote wawili walirudi wakiwa watu wengine, wanatembea na Baba bega kwa bega na wana vichekesho vyao ambavyo wengine hatukuvielewa. Kaka yangu wa pili aliniambia kwamba kule Baba hakimbii. Anakaa. Anakula taratibu, anakuuliza unaonaje, anakungoja ujibu. Nikamwambia mwongo wewe. Akala yamini. Basi tangu siku hiyo mimi sikuwa nangoja kitu kingine duniani isipokuwa kufika miaka kumi, niende mahali ambapo Baba anakaa.

Mwaka wangu ulipofika, Ami Nasor akafariki. Alikuwa mdogo wake Baba, na Salma alikuwa mtoto wake wa pekee, tumepishana miezi. Mama yake alikaa eda, na nyumba yao ilijaa watu na kilio, kwa hiyo Salma akaletwa kwetu na kutandikiwa kitanda chumbani mwangu. Alikuwa halii. Hilo ndilo lililowatisha watu wazima. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Sikuwa na ubaya naye wakati huo, Mungu shahidi yangu, nilimpa hata mto wangu mzuri. Halafu siku moja baada ya magharibi, Bibi na mashangazi wako sebuleni, Baba akaniita mbele yao. Akasema, "Zuwena, mwaka huu zamu yako. Lakini mie nnamwona mwenzako Salma kajikunja moyo, pengine angetoka kidogo ingemsaidia. Mwenye zamu ni wewe. Ukisema hapana, ni hapana."

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana asiyelelewa nyumba kama yetu atanicheka. Kwetu mtu hakubali wala hakatai mara ya kwanza. Ukienda kwa watu ukakaribishwa chakula unasema nimeshiba, alhamdulillahi, hata tumbo likiwa linanguruma wanalisikia mpaka majirani. Mwenyeji anakuapia wallahi utakula, unakataa kidogo, anakuapia tena, ndipo unanawa mikono. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, nimekua naona. Kwa hiyo Baba aliponiuliza mbele za watu, mimi nikainamisha macho nikasema kwa sauti ndogo ya adabu, "Mpe Salma, Baba." Nilisema vile vile mgeni anavyosema nimeshiba. Halafu nikangoja aniapie. Nilikuwa nimeshaandaa hata kukataa kwangu kwa pili, na mara ya tatu ningeinua mabega kidogo, basi tena, kama unasema hivyo Baba. Baba hakuniapia. Macho yalimjaa machozi, akanivuta akanibusu kichwani, akasema, "Mashaallah, mama. Mashaallah." Bibi akajipiga kifua akasema huyu kweli damu yangu. Na mimi nikabaki pale nimekumbatiwa, njaa yangu yote tumboni, na sahani imeshaondolewa.

Wakaondoka katika joto lile la Muscat linaloyeyusha lami. Mimi ndiye niliyesifiwa kiangazi kizima. Kila shangazi aliyepiga simu alitaka kuzungumza na Zuwena mwenye roho nzuri. Hebu fikiri: unaungua kwa wivu, na kila anayekupita anakupapasa kichwa kwa ukarimu wako. Huwezi hata kununa, maana utamnunia nani? Utamwonea wivu yatima? Mama peke yake ndiye aliyenishtukia. Ijumaa moja akatubeba mpaka Qantab, kwenye kile kighuba kidogo baina ya majabali, akanunua samaki akachoma mwenyewe ufukweni, jambo ambalo hakuwa analifanya. Akanipa kipande cha tumboni chenye mafuta, nikasema sitaki. Akaniangalia. Akasema, "Zuwena, wewe ulitaka kwenda." Nikasema, "Hapana." Na yeye pia, Mama yangu mzazi, hakuniuliza mara ya pili.

Walirudi wamenawiri. Salma alikuwa na rangi, alikuwa anacheka. Siku ya kumpa pole ndiyo hiyo niliyoanza nayo, ya sanduku na wanawake. Nikaingia na sinia langu la halwa, nikaliweka, na Salma akainuka kuchukua birika la kahawa, maana alikuwa mtoto mwenye heshima, wallahi hata hilo lilinikera. Akamwendea Baba aliyekuwa amekaa upande wa pili na kakangu, akasema wazi mbele ya wote, "Baba, nikumiminie?" Kabla ya safari alikuwa anamwita Ami, kama inavyotakiwa. Baba akanyoosha kikombe akasema mimina, mwanangu, kwa sauti ya kila siku, kana kwamba ndivyo alivyoitwa na mtoto huyu tangu kuzaliwa. Bibi akaanza kulia, mashangazi wakafuatia, ikawa furaha na kilio pamoja. Mimi nilikwenda nikajifungia chooni. Mama akanifuata, nikamwambia kupitia mlangoni, "Kwani hana wake?" Mama akasema, "Hana, Zuwena. Ndiyo maana." Nililijua jibu kabla sijauliza. Halikunisaidia kitu.

Kumbe huko Guangzhou watu walikuwa wakimuuliza Baba kwenye kila duka na kila meza, huyu ni nani wako, na Baba kwa ile lugha yao ya vidole na mashine ya hesabu akaona rahisi kusema binti yangu. Salma alinieleza hivyo yeye mwenyewe, chumbani mwetu, mchana wakati nyumba nzima imelala na kiyoyozi kinanguruma. Maana hii ndiyo iliyokuwa adhabu yangu: nilimtaka anisimulie. Nilikuwa namchukia kila anapofungua mdomo, na akinyamaza namchokonoa aendelee. Salma alikuwa msimuliaji wa ajabu. Alisema kulikuwa na kichochoro nyuma ya hoteli, na kwenye kichochoro mtu mwenye kofia nyeupe kama ya watu wetu wa msikitini, anauvuta unga kwa mikono miwili, anaukunja, anauvuta tena, mpaka donge moja limekuwa tambi nyembamba kama nyuzi, anazitumbukiza kwenye supu ya ng'ombe, anatia giligilani na pilipili ya mafuta, na yote hayo wewe hujamaliza kukaa. Baba alikula bakuli mbili. Alisema kulikuwa na duka la kizee mmoja anayeweka maji ya tangawizi chini ya kibakuli, anamimina maziwa ya moto juu yake, halafu anakukataza kwa kidole usiguse, usitikise; mnakaa mnalitazama bakuli na Baba, mnalitazama, na maziwa yanaganda yenyewe yakawa laini unaweza kuweka kijiko juu kisizame. "Mlikaa muda gani?" nikamuuliza. Akasema walikaa mpaka yakaganda. Nikamwambia maziwa hayagandi kwa tangawizi, wewe unanidanganya. Akasema muulize Baba. Sikumuuliza.

Ijumaa walisali kwenye msikiti ulio pembeni ya kaburi la Sahaba, mmoja katika wale wanaosemwa kuwa ndio waliofikisha dini huko, kwenye bustani ya mianzi iliyo kimya. Lakini nje ya lango, Salma alisema, ni soko zima la vyakula: mishkaki mirefu inapinduliwa juu ya makaa na kumwagiwa uzile kwa konzi, mikate ya duara yenye ufuta inatolewa tanuuni, zabibu, matikiti ya kukatwa vipande, na watu wa kila rangi wanasalimiana kwa salamu moja. Hapo ndipo nguo zake zilipochukua ile harufu. Walikwenda pia kwenye msikiti wa kale wenye mnara mweupe wa duara, mrefu, usio na pambo hata moja, na Baba akamwambia zamani meli zilikuwa zikiutazama huo kujua njia, na huenda wengine waliokuwa wakiutazama walitoka kwetu. Walikwenda kwenye jumba la ukoo mmoja ambalo paa lake limejaa watu wadogo wa udongo, wanapigana, wanaoa, wanasoma, na Baba alimwambia chagua mmoja uliyempenda, akangoja mpaka akachagua. Na kuna kilima chenye mnara mwekundu wa ghorofa tano na kipande cha ukuta wa zamani wa mji, mizizi ya miti imeushika ukuta kwa nje. Nilimrudisha kwenye hayo yote mara nyingi kiasi kwamba niliweza kumsahihisha. Akisema waliingia jumba la ukoo kabla ya kula, nilimwambia hapana, mlikula kwanza, jana ulisema mlikula kwanza. Nilikuwa namtega nimkamate kwenye uongo. Sikumkamata. Mji ule ukanikaa kichwani, vichochoro vyake vyote, na katika kila kichochoro Baba alikuwa amekaa na mtu mwingine.

Zamu yangu haikurudi. Baba alisema yako ipo, Zuwena, mwakani, na nilimwamini. Lakini mwakani alipata wakala wa kumnunulia mali, ikawa anaagiza kwa simu na hana haja ya kusafiri. Baadaye nikavunja ungo, mitihani ikaanza, mambo ya kusafiri na Baba yakawa ya kitoto. Mama yake Salma alipomaliza eda walihamia vyumba vya nyuma ya nyumba yetu, na Salma akakua kwetu, akamwita Baba mpaka leo. Sisi ni ndugu. Nimemshika mkono akizaa. Lakini Baba alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, na kila mgeni mpya aliipata pamoja na kahawa: jinsi binti yake Zuwena, mtoto wa miaka kumi, alivyoitoa safari yake kwa mwenziwe bila kuulizwa mara mbili. Bila kuulizwa mara mbili! Alilisema hilo kwa fahari. Nami nikitabasamu na kujikaza, wageni wakisema mashaallah, na Salma akisema ni kweli, hajapatapo kuwa na roho mbaya huyu.

Sasa hivi Guangzhou si kitu. Ndege zipo, wanangu wanazijua tambi za kuvutwa kwa mkono kwa sababu zinauzwa humu humu Muscat na zinaletwa mpaka mlangoni kwa pikipiki. Mimi mwenyewe nimekwenda. Mume wangu alinipeleka tulipopata nafasi, akashangaa namwongoza kama mwenyeji: pita hapa, kata kushoto, mnara utauona. Kizee hayupo, lakini lile duka la maziwa ya tangawizi nililipata, au jingine kama lile. Nikamiminiwa maziwa, nikakatazwa kwa kidole nisiguse, na yakaganda. Kwa hiyo Salma hakunidanganya, na ukitaka kujua, hilo lilinikasirisha. Nilikula nikamaliza. Yalikuwa matamu. Mume wangu, mtu mwema, alikuwa ameinamia simu yake anatafuta njia ya kurudi hotelini. Nikajiambia, haya bwana, yameisha, umefika, umekula, umeona. Mwanamke mzima na kijiba cha roho cha bakuli la maziwa, huoni haya? Nikarudi Muscat nikiamini kwamba nimepona.

Baba sasa ni mzee na mambo yameanza kumchanganyika. Siyo sana. Jina la mtu linampotea, anauliza kama duka limefungwa wakati duka limeshauzwa. Iddi iliyopita alikuja kijana wa jirani yetu wa zamani kumwamkia, akataja kwamba ametoka China juzi kwa biashara. Uso wa Baba ukafunguka. Akasema, "China? Mie nimekwenda na Zuwena huyu." Akanishika kiganja. Salma alikuwa amekaa mkabala nasi anakata halwa. Nilifungua mdomo kusema siyo mimi, Baba, na Salma akanitikisia kichwa kidogo: mwache. Basi Baba akaendelea. Hakusema habari ya tambi wala ya msikiti. Alisema siku moja waliteremka kutoka kwenye kile kilima, mtoto kachoka, hajasema kama kachoka lakini anaburuta miguu, naye akachutama akamwambia panda. Akambeba mgongoni. Kabla hawajafika barabarani alikuwa keshalala. "Mate yake yananitiririka shingoni hapa," akasema, anajishika shingo, anacheka. Mvua ikawashika. Akasimama chini ya paa la duka lililofungwa, na watu wanampungia mkono wamuonyeshe benchi akae, hakutaka kukaa, aliogopa akikaa mtoto ataamka. "Alikuwa hajalala vizuri tangu msiba," Baba akasema. "Nikasimama naye mpaka mvua ikakatika. Migongo ya wakati ule! Nilikuwa na nguvu mie." Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, mama? Wakumbuka?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Baba alikuwa ananitazama kuliko wote, na katika umri wangu wote sijawahi kutazamwa na mtu kwa mapenzi kama yale. Aliniuliza mara moja. Nikasema, "Nnakumbuka, Baba."

Salma akachukua birika la kahawa akaelekea jikoni. Birika lilikuwa limejaa, nimelijaza mwenyewe. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama mbele ya sinki, bomba limefunguliwa, haoshi chochote. Nikamwambia Salma, nisamehe, kaniuliza mbele za watu, ningemkataliaje. Akasema, "Hukukosea. Mzee kafurahi." Akafunga bomba. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia habari ya mvua ile, yeye aliyeniambia mpaka rangi ya mabakuli. Akageuka akanitazama, na macho yale niliyajua, maana nimeishi nayo usoni mwangu mwenyewe tangu nina miaka kumi.

"Kila ulichoniuliza nilikupa, Zuwena," akasema. "Ile nilijiwekea."

Akarudi sebuleni na birika lake. Mimi nikabaki jikoni nimeshika sinki, mtu mzima, mama wa watoto watatu, naona wivu.